Nyekundu Juu ya Buluu

Jumatatu, 6 Februari 2006
Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee, mjini Crystal. Wazee wanane wa kuogesha. Mmoja kaning'ata. Kawaida.

Mzee Alston haongei tangu kiharusi cha Krismasi. Anaitazama tu bendera yake ukutani. Siku ya kwanza nilidhani ni yetu ya Tanzania, imeshonwa na mlevi: kijani ileile juu, mshazari uleule mweusi wenye kingo za njano, lakini chini nyekundu badala ya buluu, na nyota mbili nyeupe zimekaa kwenye weusi. Kumbe ni ya Saint Kitts na Nevis. Alinifundisha wakati ulimi bado upo. Kijani ardhi. Njano jua (akatazama theluji dirishani, akacheka). Nyekundu mapambano ya kutoka utumwani. Nyeusi Afrika: "Hapo ndipo unapoingia wewe, kijana." Nyota ni matumaini na uhuru. Ukisema ni visiwa viwili, ananuna.

Akaniachia na wosia: akifa, sanduku lake lirudi Nevis limefunikwa kwa bendera hiyo.

Ina vumbi. Binti yake anakuja Jumapili. Nimeipeleka kufuliwa.

Jumanne, 7 Februari
Mjinga mimi. Kule wanafua kila kitu pamoja, maji ya moto na dawa kali. Imerudi pinki. Nyota hazionekani.

Wanjiku, Mkenya wa zamu yangu, aliishika kwa vidole viwili. "Aki wewe. Umefua nchi ya mtu na bedsheets?"

Mzee anatazama ukuta mtupu. Hata kunitukana hawezi. Angenitukana ningelala.

Alhamisi, 9 Februari
Maduka matatu, mpaka Saint Paul. Jamaika ipo. Haiti ipo. Yake mpaka iagizwe, wiki sita. Nesi anasema mzee hana wiki sita.

Nimempigia mwenyekiti wetu wa Watanzania, ana bendera kubwa ya sherehe. Nikamweleza ninachotaka kuifanyia.

"Kijana, bendera ya taifa haichezewi. Nani kakulea?"

Akakata simu.

Ninayo yangu. Nilikuja nayo kwenye begi. Nimeitunza kwa ajili ya sanduku langu mwenyewe. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 11 Februari
Nimeshona kutwa, kwa mkono. Sikuikata. Nimeweka kitambaa chekundu juu ya buluu. Maji yetu yako chini yake, yanasubiri. Nyota nimezitoa kwenye foronya. Moja ina mguu mfupi. Fundi cherehani angelia.

Jumapili, 12 Februari
Nimeitundika mapema. Mzee aliitazama muda mrefu. Akainua mkono wake mzima, vidole viwili. Nyota? Asante? Umeziweka upande? Sijui. Machozi yakamtoka. Nayo sijui ni ya nini.

Binti yake, Verna, alikuja kutoka Blaine. Hakuona tofauti. Nikamwambia habari ya wosia. Habari ya kufua sikuigusa. Mwoga.

Ijumaa, 17 Februari
Amekufa saa nne asubuhi. Nimemwogesha mimi. Nikamfunika kwa bendera mpaka kifuani.

Verna amesema baba yake atachomwa. Hakuna sanduku. Nikamkumbusha: "Dada, alitaka kurudi Nevis."

"Najua, kaka. Kule hakuna aliyebaki wa kumpokea."

Alisema taratibu. Afadhali angefoka, ningepata pa kushikia. Mimi ni nani? Mtu wa kuogesha. Waliokuja kumchukua waliikunja bendera, wakaiacha kitini.

Jumapili, 26 Februari
Verna aliiacha bendera kwa Wanjiku, kwenye mfuko wenye jina langu. Iko hapa, meza ya jikoni. Nje bado theluji.

Nikifumua uzi mwekundu nitaipata yangu, na maji yake. Kazi ya nusu saa.

Nimechukua mkasi. Nimefumua nyota moja tu, ile yenye mguu mfupi. Nimeikata upya, nimeishona. Sasa zinalingana.

Nimeikunja.