Mabati ya Chumba cha Immaculée

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi Kasulu. Tarehe: 19/11/2024. Muda: saa 3:40 asubuhi.
Jina: Mwanahawa Saady. Umri: miaka 58. Kabila: Muha. Dini: Mwislamu. Elimu: darasa la saba. Kazi: muuza mchele na dagaa. Makazi: Kibondo mjini.

Mimi ndiye mama mzazi wa Hilali Nurudini, ambaye yuko mahabusu hapa kituoni. Nina watoto watano, lakini huyu ndiye aliyenitoa kimasomaso. Afande ameniambia nisimsifu, nieleze nilichokiona. Nimesema sawa, ila na hili liandikwe: alianza kwa kununua maharage vijijini kwa baiskeli, na leo ana nyumba ya vyumba sita ya kupangisha hapa Kasulu. Nitajieni mama mwingine Kibondo mwenye kijana wa miaka thelathini na moja aliyefika hapo.

Mwaka huu Hilali alianza kulalamika kwamba vyumba vile vinamtia hasara. Alisema watumishi wa mashirika ya kambi ya wakimbizi na wahandisi wa barabara wanataka chumba masta, chenye choo ndani na vigae, na wanalipa mara nne ya mpangaji wa kawaida. Wapangaji watano aliwapa notisi, wakahama. Akabaki mmoja, Immaculée Habonimana, fundi cherehani. Hilali aliniambia kwenye simu, "Mama, yule dada ana kichwa kigumu, anasema amelipia mpaka Desemba." Nikamjibu, "Mwenye nyumba ni wewe au yeye?" Hayo niliyasema mimi.

Mnamo tarehe 02/11/2024, Jumamosi, majira ya saa 7 mchana, gari dogo la mizigo lilifika kwangu Kibondo na mabati nane. Hilali akapiga simu: "Mama, hutavujiwa tena." Nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka jirani yangu Adija akatoka na mwiko mkononi. Nikamwambia, "Umeona? Wako anakutumia vocha, wangu ananitumia paa." Fundi alipokuwa anayapandisha alisema, "Mama, haya yametumika, yana matundu ya misumari." Nikamwambia apige misumari, maneno apunguze. Bati moja, upande wa ndani, lilikuwa na kiraka cha kitenge kilichogandishwa kwa lami, kitenge cha njano chenye kuku weusi. Likakaa juu ya kitanda changu. Nikilala chali nakiona.

Mnamo tarehe 12/11/2024, Jumanne, nilipanda basi la asubuhi kuja Kasulu kuiona nyumba ya mwanangu. Nilivaa dera jipya. Nilifika saa 4:30. Hilali alikuwa amekwenda Kigoma kununua vigae, nikaenda peke yangu. Vyumba vitano vilikuwa vitupu. Cha sita, cha mwisho kushoto, hakikuwa na bati hata moja, kilifunikwa turubai. Matofali yake ni mabichi na yalikuwa yamelowa, ukigusa yanaacha udongo kidoleni.

Mlangoni mwanamke alikuwa anashona. Akanisalimu, "Mwakeye mama, karibu." Akanipa stuli, yeye akakaa juu ya ndoo, akanimiminia chai. Hakunijua. Nikamuuliza mabati yamekwenda wapi. Akasema, "Baba mwenye nyumba alikuja na mafundi wawili tarehe moja, mimi niko sokoni. Kayang'oa ili nihame."

Nikasema, "Sasa si uhame, mwanangu?"

Akacheka. "Nihamie wapi, mama? Siku hizi mji huu hata chumba cha tope wanataka kodi ya miezi sita mbele. Au unacho wewe, unipe?"

Pazia lake lilikuwa kitenge cha njano chenye kuku weusi.

Nilimaliza chai yake. Sikumwambia mimi ni nani. Saa 8 mchana nilipanda basi kurudi Kibondo. Njiani niliwaza kwamba nikiyashusha yale mabati Adija atanicheka. Afande ameniuliza mara mbili kama niliwaza jambo jingine. Hapana, niliwaza hilo.

Mnamo tarehe 15/11/2024, Ijumaa, majira ya saa 10 jioni, Hilali alinipigia. Alisema turubai lilichomoka, Immaculée akapanda ukutani kulifunga, ukuta ukashuka naye. Alifariki kabla hajafikishwa hospitali. Jumapili akapiga tena, kabla hajakamatwa. "Mama, ukiulizwa, sema paa liliezuliwa na upepo. Ya kwako sema ulinunua dukani." Nikamjibu, "Sawa, baba." Namwita baba tangu yuko mgongoni.

Siku zile nne, tangu ninywe chai yake mpaka anafariki, mabati yalikuwa juu yangu, na mvua ilinyesha siku tatu. Mimi sikulowa.

Paa halikuezuliwa na upepo. Upepo hauchomoi msumari mmoja mmoja, wala haupakii mabati kwenye gari. Jana nilimwita fundi ayashushe yote. Adija alisimama uani akitazama. Hakucheka, alikuja akatushikia ngazi. Mabati nane nimekuja nayo, yako nje ya kituo hiki. Lenye kiraka nimeliweka juu ili lionekane.

Haya nimeyasema kwa kinywa changu, nikiwa na akili zangu, bila kutishwa na mtu. Niliyoyajua ndiyo haya.

Sahihi ya shahidi: Mwanahawa Saady

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akakiri ni sahihi. Nimepokea mabati nane kama vielelezo. Shahidi aliomba iongezwe kwamba Hilali ni mtoto mwema kwa mama yake, nami nimeongeza hapa. Aliomba pia nifute maneno "Mwenye nyumba ni wewe au yeye." Nilipochukua kalamu alinishika mkono, akasema, "Yaache, binti yangu."

WP Koplo Nasma Ndayiragije, saa 5:15 asubuhi.