Kadi Moja, Ndugu Wawili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na jirani amekurudishia jembe au bado anakuzungusha? Mimi ni mzima, ila nimechoka mpaka kushika kalamu ni kazi. Barua hii nimempa dereva wa lori la saruji akukabidhi mkononi, kwa sababu simu tunayokupigia ni ya jirani, na jirani hana siri. Tafadhali funga mlango uisome peke yako.

Kama unavyojua, huku tunafua mashuka ya mahoteli. Mimi nimeajiriwa, mdogo wangu nilimwombea kibarua hapo hapo. Mwaka huu tulitangaziwa kwamba bima ya afya, iliyokuwa ya watu wa ofisini tu, imepanuliwa hadi kwetu waajiriwa wa kwenye mashine, na wanawake tutapimwa bure mlango wa kizazi na matiti hata kama hatuumwi. Wenzangu walicheka. Mmoja alisema wa kumvua nguo bure anaye nyumbani. Msimamizi wetu, tunayemwita Pasi kwa jinsi anavyounguza watu, alisema wacheke tu, lakini wasije kumlilia baadaye. Vibarua walipouliza na wao je, aliwajibu kwamba wao wana bima ya Mungu.

Mdogo wangu alikuwa anatokwa damu isiyo ya siku zake. Alinificha, nikaziona nguo alizoloweka. Nikampa kadi yangu ya bima. Watu wametuchanganya tangu utotoni, na picha ya kadi ni ndogo kama ukucha. Nesi alimwita kwa jina langu, akaitika.

Alikutwa na saratani, lakini ndiyo kwanza imeanza. Daktari alimsifu kwa kuwahi, akasema wanawake wote wangekuwa na akili kama yake, yeye angekosa kazi. Akatolewa kizazi, bima ikalipa kila kitu. Alilia kwa ajili ya watoto ambao hatawazaa, kisha akanitania kwamba kwenye vitabu vyao tasa ni mimi, yeye bado mwari. Tulicheka mpaka akashika mshono.

Tatizo, Mama, ni kwamba kazini mgonjwa nilikuwa mimi. Nilipewa mapumziko, naye akaaga kwamba ananiuguza. Tuliporudi, wenzangu walinipa pole, Pasi akaniwekea kiti nikunje foronya, nisiguse hata ndoo. Mdogo wangu akarudishwa kwenye mashine kuvuta mashuka mabichi, na kukataa hakuweza, maana langoni walijaa wanaoitaka nafasi yake. Nikiinuka kumsaidia, Pasi ananifokea nikae chini, au nataka utumbo unimwagike pale? Halafu anamgeukia yeye, anamwita mvivu, haoni dada yake anaumwa, basi afanye na kazi ya dada yake. Nilikaa, Mama. Nilikunja foronya huku namtazama.

Mshono ulifumuka kwa ndani. Hakusema mpaka homa ilipomwangusha. Nikamrudisha hospitali na kadi ile ile, nikijitambulisha kwamba mimi ndiye mdogo mtu. Usaha ulikuwa umeshaenea tumboni. Daktari alikasirika, akauliza nani kamruhusu mgonjwa kama huyu kunyanyua mizigo. Nikasema sijui.

Mama, kaa chini. Mdogo wangu amefariki.

Hospitali imewajulisha kazini kwamba niliyekufa ni mimi, na bima inagharamia jeneza na gari. Pasi na wenzangu wanakuja kunizika, wako nyuma ya barua hii. Nilimwomba mhudumu wa chumba cha maiti apigilie misumari kabla hawajafika kuuchukua mwili, tukakubaliana awaambie umeharibika. Haujaharibika. Amelala vizuri, nywele nimemsuka mwenyewe.

Nakuomba jeneza lisifunguliwe. Pasi anatujua wote wawili. Akiuona ule uso, mimi nafungwa na gharama zote za hospitali wanakudai wewe. Wakiuliza mdogo wangu yuko wapi, sema yuko njiani. Na utakapolia, lia kwa jina langu. Najua mdomo wako utataka kumwita yeye, nawajua wewe na kitinda mimba wako. Uzuie. Mwite wakishaondoka.

Kuja siwezi, na kazini siwezi kurudi. Nimesikia kuna machimbo ya kokoto mbali na hapa, wanachukua vibarua bila kuuliza sana. Nitajiandikisha kwa jina lake. Pale hakuna bima, kwa hiyo hakuna atakayehitaji kunilinganisha na picha.

Ningemsalimu shangazi na watoto wote wa pale nyumbani, lakini marehemu hatumi salamu, basi zote zibaki kwako. Usiache kula, hata kama ni kidogo. Barua uichome. Ukipata nguvu ya kunijibu, mpe dereva, na juu ya bahasha andika jina la mdogo wangu. Nitaitika.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako