Hesabu za Kizimba cha Saba

Guangzhou,
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijaandika lolote, naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale niliyoyaficha kwa wiki tatu. Nimeiweka ahadi hii juu kabisa kwa makusudi, ili nikifika chini na kuingiwa na woga nisiweze kuikwepa bila kuchana karatasi nzima.

Habari za Bukoba? Bibi anaendeleaje na nyonga yake? Shangazi Dainess ameniambia kwamba sasa anafika mlangoni kwa magongo yake mwenyewe, na kwamba ameanza tena kugombana na kuku wa jirani. Nilifurahi sana, maana Bibi akianza kugomba ujue amepona. Na Emmanueli, amezoea shule ya huko, au bado anawaamrisha wenzake kwa Kichina? Mwambie baiskeli yake ipo, ila Shangazi ameitundika ukutani na kuning'iniza mikoba ya wateja kwenye usukani.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Joto halijapungua hata kidogo. Duka limejaa marobota mpaka kwenye ngazi, kwa sababu wateja wote wanataka mizigo iondoke kabla ya sikukuu za Oktoba. Nikitoka shule ninakaa juu ya robota la jinzi, namaliza hesabu na insha zangu, kisha namwandikia Shangazi orodha za mizigo kwa Kichina na Kiingereza kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mwalimu Fang ameisifu insha yangu ya mwezi huu mbele ya darasa. Alisema naandika kwa ukweli. Nilitazama chini, Mama, na utaona sababu.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako inakaa mezani sebuleni, na kila sauti ninayokutumia inasikilizwa na nyumba nzima, hadi Mjomba Jovin hunijibu kabla yako. Jambo hili nataka ulisome peke yako, ukiwa umekaa. Bi Swalha, mteja wa Shangazi, anarudi Dar es Salaam Alhamisi, naye amekubali kuibeba bahasha hii na kuikabidhi kwa mtu wa basi la Bukoba anayemwamini. Hajui kilichomo.

Ulipoondoka mwezi wa Machi kwenda kumuuguza Bibi, Baba alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye lile shamba la samaki baharini, kule kaskazini kwenye bahari ya baridi. Unajua alivyofurahi. Alisema miaka yote aliyofuga sato kwenye vizimba vya ziwani haikupotea bure, kwamba kizimba ni kizimba, kiwe cha ziwani au cha baharini. Kazi yake ni kizimba cha saba, wavu mkubwa wa duara unaoelea, wenye samaki aina ya salmoni elfu hamsini ndani. Kila asubuhi yeye na mzamiaji mwenzake, Mzee Wei, wanashuka chini ya wavu na kutoa samaki waliokufa. Wanawapandisha juu, wanawahesabu, wanawachunguza matamvua, mapezi na ngozi, kisha wanawatia kwenye mashine ya kusaga na kuwahifadhi kwenye tangi lenye asidi, mpaka lori la kampuni lije kulichukua.

Ulijua kwamba namsaidia Baba kuandika, lakini sijawahi kukueleza jinsi tulivyofanya. Baba anasema Kichina vizuri kuliko wafanyabiashara wenzetu wote wa huku mtaani Xiaobei, ila kukiandika hawezi, na taarifa ya vifo lazima ijazwe kwa maandishi kila siku kwenye ukurasa wa kampuni. Basi alinipa nywila yake. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bado amevaa glovu, ananitumia sauti: leo wamekufa wangapi, wanaonekanaje, maji yana joto gani. Mimi naandika kwa jina lake, kisha Mzee Wei anabonyeza kwenye simu yake kuthibitisha kwamba ameona. Mzee Wei hakuwa akifungua taarifa yenyewe kuisoma. Alimwambia Baba kwamba mtu aliyeshuka naye chini ya maji hana haja ya kumkagua juu ya karatasi. Mimi alikuwa ananiita mwalimu mdogo, na mwezi wa Juni alinitumia kwa posta kome watatu aliowaokota, wamefungwa kwenye soksi.

Shangazi alizibatiza sauti hizo redio ya vifo. Kila ikilia anauliza kutoka jikoni kama marehemu wa leo ni wengi au twende tukanywe chai. Bwana Msabaha, yule Mzanzibari wa vipuri vya simu, naye hakuacha utani. Alisema samaki anayeletewa chakula mdomoni kila saa si samaki, ni kuku aliyevaa magamba, na kuku lazima apate mdondo. Tulicheka sana. Miezi ile ya mwanzo walikuwa wanakufa ishirini, thelathini kwa siku, na Baba alisema kwa samaki elfu hamsini hiyo ni kawaida.

Tarehe ishirini na tano Agosti sauti ya Baba ilibadilika. Walikufa ishirini na wanane tu siku hiyo, lakini alisema walio hai hawamfurahishi. Hawakukimbilia chakula. Walikuwa wanakaa juu karibu na uso wa maji, midomo wazi, wakihema kama watu waliopanda ghorofa kumi kwa ngazi. Alipofunua matamvua ya mmoja wa waliokufa alikuta madoa meupe yenye ute, mahali ambapo panapaswa kuwa pekundu kama nyanya. Alinitumia picha. Niliitazama nikiwa nakunywa uji, nikauacha.

Tarehe thelathini walikufa sitini na mmoja. Tarehe mbili Septemba, mia moja na kumi na wanane. Baba alisema maji yamekuwa ya moto kuliko inavyotakiwa, na kwamba sasa hata akiwa chini anawaona walio hai wakimgonga mabegani bila kumkwepa, kana kwamba hawamuoni. Alisema samaki asiyemkimbia mtu amekwisha kukata tamaa. Kuanzia tarehe tano, kila siku mwisho wa sauti aliuliza swali moja: daktari wa samaki mbona haji? Sheria ya shamba ni kwamba kizimba kikipoteza samaki zaidi ya mia moja kila siku, siku tatu mfululizo, daktari anaitwa siku hiyohiyo. Baba alimwendea msimamizi, naye akamjibu kwamba makao makuu wanafuata taarifa zilizoandikwa, si maneno ya gatini. Baba akaniagiza niandike wazi kwamba daktari anahitajika. Nikamjibu kwamba labda wana kazi nyingi, avumilie.

Akavumilia. Walikufa mia mbili, kisha mia tatu. Tarehe kumi na mbili walikuwa mia nne na tisa, na Baba alizitaja hesabu polepole, moja moja, kama mtu anayesoma majina msibani. Shangazi aliacha kutania. Tarehe kumi na sita, siku ya ishirini na tatu, sauti ilikuja ikiwa fupi. Sikusikia hesabu yoyote. Nilisikia maji, na Mzee Wei akikohoa, kisha Baba akasema, Careen, leo hawahesabiki, wavu wote chini ni mweupe.

Daktari alikuja siku hiyo, bila kuitwa na taarifa yoyote. Dereva wa lori alikuwa amekuta tangi limejaa mpaka shingoni, akapima uzito, akaona haulingani kabisa na samaki walioandikwa. Daktari alisema ni vijidudu vya matamvua. Alisema vingejulikana wiki ya kwanza, samaki wangeogeshwa kwa maji yasiyo na chumvi kwa saa chache tu, vijidudu vikafa, na wengi wangepona. Baba aliniambia hayo kwa sauti ya mtu aliyepigwa, kwa sababu maji yasiyo na chumvi ndiyo aliyokulia. Sasa kizimba cha nane kimeanza kuugua, maana mkondo wa maji unaelekea huko.

Mzee Wei amesimamishwa kazi na kurudishwa kwao, kwa kuwa jina lake ndilo lililothibitisha. Baba amezuiwa kushuka majini. Anakaa kwenye chumba cha wafanyakazi akingoja mkaguzi, ambaye atamhoji tarehe tisa Oktoba, sikukuu zikiisha. Wanasema Mwafrika huyu na mzee wake walificha vifo ili wasilaumiwe. Akitiwa hatiani atapoteza kazi na kibali cha kukaa, na jina lake litaandikwa kwamba ni mtu wa kudanganya, yeye ambaye hajawahi kudanganya hata umri wa Emmanueli kwenye nauli ya treni.

Mama, sasa nimefika mahali nilipopaogopa.

Ni mimi. Baba alinitajia mia moja na kumi na wanane, nikaandika themanini na wanane. Kesho yake alitaja mia moja thelathini na mmoja, nikaandika tisini na mmoja. Mia nne na tisa niliwaandika tisini na saba. Aliposema niandike daktari anahitajika, niliandika kwamba samaki wamechoka kidogo kwa joto la maji.

Nilifanya hivyo kwa sababu mwishoni mwa Agosti Baba alinieleza kwamba kizimba kikifungwa kwa ugonjwa, wafanyakazi wake huondolewa, na kwamba kizimba cha saba kikifika salama mwezi wa Novemba, kibali chake kitaongezwa nawe na Emmanueli mtarudi. Nilikuwa nimeshapanga mtakapolala. Nilikuwa nimeshamwambia Shangazi atoe marobota kwenye kile chumba kidogo kabla ya Krismasi. Na niliandika bila kusita, Mama, hilo ndilo linalonitisha zaidi. Tangu nina miaka kumi nasaidia kuandika orodha za mizigo, na kila mteja husema andika pungufu kidogo, jinzi mia nne ziwe mia tatu, kila mtu hufanya hivyo, mzigo utafika tu. Na kweli ulifika. Nilidhani karatasi zote ndivyo zilivyo, kwamba ukiandika kidogo, jambo lenyewe nalo linakuwa dogo. Sikujua kwamba upande wa pili wa karatasi ile kulikuwa na daktari anayengoja hesabu.

Bado lipo moja. Ijumaa nilipotoka shule Baba alinipigia. Aliniuliza nimekula nini, na Mwalimu Fang amesema nini kuhusu insha. Kisha akasema nifute sauti zote alizonitumia, simu yangu isije ikajaa. Akasema pia kwamba taarifa zilikwenda kwa jina lake, na mtu hujibu kwa jina lake mwenyewe. Nilitaka kusema, akanikatiza, akaniambia nikalale mapema.

Simu yangu haijajaa, Mama. Yeye ndiye aliyeinunua mwezi wa Januari, na alijisifu dukani mbele ya laoban, mwenye duka la simu, kwamba hii hata nikiimba miaka kumi haitajaa. Nadhani amejua. Nadhani alijua tangu walipomsomea zile tisini na saba, na ameamua kunyamaza ili jina langu lisitajwe shuleni wala popote. Lakini akinyamaza, Mzee Wei naye anabaki mwongo. Sauti zote ishirini na tatu, tangu tarehe ishirini na tano Agosti, ninazo. Ndani yake Baba anasema hesabu za kweli, kila siku, na anaomba daktari aje mara kumi na moja. Nimezisikiliza upya zote nikahesabu, na safari hii sikupunguza.

Shangazi hajui. Nimeficha simu ndani ya robota ninalolikalia.

Nisalimie Bibi, umwambie namwombea aache gongo moja kabla ya mwaka kwisha. Nisalimie Mjomba Jovin bila kumsomea barua hii. Mbusu Emmanueli kwenye paji la uso, hata kama atajifuta. Shangazi anakusalimu na anauliza kama vitenge vilifika vyote.

Mteja wetu Abednego anaondoka Dar es Salaam tarehe tatu Oktoba kuja kununua mzigo wa Krismasi, na nimemwomba apokee bahasha kutoka kwako. Andika hata mstari mmoja, nitauelewa. Baba ameniagiza nifute, na sijawahi kukataa agizo lake. Je, nizifute sauti hizi, au nipande treni na kuzipeleka kwa mkaguzi mwenyewe kabla ya tarehe tisa?

Ni mimi mwanao,
Careen