Kabla Ngozi Haijafunga

3 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila mkono. Jumatatu, pale kwenye kiwanda chetu cha mikate, trei ilinichomoka mdomoni mwa tanuri ikanilalia mkono wa kulia, toka kiganja mpaka karibu na kiwiko. Nikakimbilia ile chupa ya mafuta ya mbarika uliyonipa nikiondoka, nikajipaka kama ulivyonifunza. Nesi wa zahanati alinisafisha nusu saa nzima. Akauliza, "Nani kakukaanga hivi?" Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Usiwe na hofu.

Kitindamimba wako

18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, lakini linatembea. Huo mkono umeniuma mimi kuliko wewe. Mwambie huyo nesi mafuta yangu yamepakwa watu kabla yeye hajaota meno. Nakamua mwenyewe, nachemsha mwenyewe, na mtaa mzima unaujua mlango wangu. Nimempa binamu yako chupa nyingine akuletee. Paka asubuhi na jioni, na bandeji toa, kidonda kipumue.

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Chupa imefika. Sijaifungua, na nimeona heri nikuambie kuliko kukudanganya. Kidonda kilitunga usaha. Siendi kazini, na vidole havikunjiki vikafika kiganjani. Nesi anasema aliyeungua sasa hivi anataka maji tu, ya bomba, dakika ishirini; mafuta hufungia joto ndani pamoja na uchafu. Ngozi ikishafunga, hapo anasema mafuta ni mazuri, yanailainisha.

Ingekuwa unanipaka mimi peke yangu, nisingeandika haya. Lakini watu wanakuletea watoto wao. Nisamehe.

Kitindamimba wako

22 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nimerudi kazini, napanga mikate. Tanuri bado naliogopa. Kama umekasirika, andika hivyo hivyo kwa hasira.

Mwanao

14 Juni

Marahaba, baba.

Sikukasirika. Niliona aibu.

Wiki ile barua yako ya Machi ilipofika, jirani alinikimbizia mjukuu wake, kamwagikiwa chai mgongoni. Chupa ilikuwa mkononi. Nikaiweka chini, nikamsogeza mtoto bombani. Bibi yake akaniuliza, "Sisi tumekukosea nini hata utunyime mafuta?" Nikawasindikiza mpaka hospitali. Karibu miezi mitatu hakunisalimu. Juzi kaja mwenyewe: mgongo umefunga, daktari karuhusu mtoto apakwe. Nikampa chupa.

Lakini silo hilo lililonifunga mdomo. Ni dada yako. Vile vidole vyake viwili vilivyoshikana tangu alipoungua na uji, akiwa na miaka minne, siku zote nimesema ni moto. Nilimpaka mimi, siku tisa, sikumpeleka popote. Jumapili nikamwambia huenda ni mimi. Alikuwa anaosha vyombo. Akaendelea kidogo, kisha akasema, "Najua, mama. Nipe hiyo sufuria."

Nikakaa naye mpaka vyombo vikaisha.

Mama yako