Salamu ya Babu

Ndugu, simama kwa heshima. Leo nimempigisha babu magoti kwa salamu tu.

Si unajua anavyotuminya mikono kila likizo hadi tulie? Muhula mzima nimefanya mazoezi. Leo nikamminya mimi.

Akapiga magoti. BABU! Sebule nzima ikacheka, wakidhani anaigiza. Nikamwambia, "Omba msamaha, mzee." Akaomba. Aliomba kweli!

Mama akanivuta jikoni. "Mpumbavu wewe! Kisukari na figo vimemla misuli yote. Hata chupa ya dawa namfungulia kwa siri, bibi yako asijue."

Tukarudi. Bibi kashika chupa ya asali, anamnyooshea babu aifungue.

"Mpe bingwa," babu akasema.

Nikaifungua kwa vidole viwili. Wote wakapiga makofi.

Babu pia alipiga. Yake hayakusikika.