Jogoo Uliyeniambia Nisimchinje

Tata,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu habari yenyewe ni ya kuku, na habari za kuku hatukuwahi kuzizungumza kwa lugha nyingine. Nyumbani tulisema Kigusii, ndiyo maana nakuita Tata, si Baba. Lakini ulipoingia bandani uligeuka tena mfanyakazi wa shamba la Mzungu kule Sotik, ulikojifunzia kazi hiyo, ukaniamuru kama kibarua: "Shika miguu. Usimkabe. Tazama kichwa."

Jana mmoja wa kuku wako wa mwisho aliacha kuatamia. Mayai kumi na moja, siku ishirini na tano, hakuna kifaranga. Mama aliyapasua moja moja nyuma ya jiko nikiwa nimesimama. Hayakuwa hata na damu. Maji tu, na kiini kilicholegea.

Unakumbuka ulivyowaleta? Mzungu alikuwa akiuza shamba, Uhuru ukikaribia, nawe ukaomba zawadi ya kuagana iwe mayai, si kiti wala saa. Ukayabeba katika debe la pumba na kumwekea kuku wa kienyeji wa Mama. Wayandoti, ndivyo Mzungu alivyoiita mbegu hiyo ya kuku, walipoota manyoya majirani walikuja kushangaa: kila unyoya mweupe una ukingo mweusi, kana kwamba mtu ameketi akauzungushia wino. Vifaranga walipofika wiki ya sita ulinitahini. Upanga wa kichwani ukiwa mpana na umeanza kuiva wekundu, jogoo. Ukiwa mwembamba na umepauka, tetea. Mgongo ukichelewa kuvaa manyoya, jogoo. Nilipokosea ulicheka mpaka ukashika ukuta: "Huyo uliyemwita binti ndiye atakayekuamsha alfajiri!"

Kisha nikarudi na digrii, na kitabu. Kitabu kilisema Wayandoti halisi ana upanga uliolala kichwani, wenye vipele vidogo. Jogoo wako mkubwa alikuwa na upanga uliosimama, wenye meno. Nilibishana nawe mchana kutwa. Nilisema si halisi, anaharibu ukoo. Ukasema: "Wenye upanga wa kulala ni wazuri wa kutazamwa. Huyu ndiye anayetia mbegu. Kila kizazi uache mmoja kama huyu." Nikakudai ushahidi. Ukawaonyesha kidole vifaranga waliokuwa wakichakura uani: "Wale." Nikakujibu kwamba hao si ushahidi.

Siku ya kunipongeza nilimchagua jogoo huyo mimi mwenyewe, nikaagiza achinjwe. Na wadogo wake wote wenye upanga wa kusimama nikawamaliza wiki hiyohiyo. Ulipoletewa firigisi, fungu la mwenye mji, uliisukuma sahani mbele yangu. "Kula wewe, msomi. Umemchinja baba wa wote." Wageni walicheka. Nilicheka pia, nikala.

Mayai yaliyofuata hayakuanguliwa. Na hapa, Tata, ndipo kalamu inaponishinda. Nilisema mikono yako inatetemeka, umeyatikisa mayai. Uliitazama mikono yako, hivi, juu na chini. Tangu siku hiyo hukugusa yai tena, ulimwachia Mama. Kabla ya uatamiaji wa tatu kwisha tulikuwa tumekuzika, kifua kimekumaliza.

Mwezi uliopita, maktabani Nairobi, nilikuta mistari mitatu katika kitabu kingine. Majogoo waliorithi upanga wa kulala kwa baba na kwa mama mara nyingi ni dhaifu wa kutungisha mayai. Mfugaji mwangalifu huweka wachache wenye upanga wa kusimama. Niliisoma nikiwa wima. Nikatafuta mtu wa kubishana naye.

Nimekwenda Ikonge, nimekwenda Kenyenya, kote ulikogawa kuku. Wamekwisha kuchanganyika na kienyeji. Panga zimesimama, lakini ule wino haupo. Nimebaki na majike wawili wazee na jogoo mmoja ambaye kitabu changu cha kwanza kingempa zawadi.

Watu wana maelezo yao. Wanasema umeondoka na kuku wako. Mama anaamini, na inamfariji. Mimi, niliyebishana na kila mtu, kwa hilo peke yake nimenyamaza, kwa sababu linaniacha bila kosa.

Jumapili anakuja yule mzee wa Kenyenya aliyezoea kuchukua matetea kwako. Atauliza, na Mama atamjibu kama anavyowajibu wote. Nakuahidi, Tata, safari hii nitamkatiza. Nitawaambia wote wawili ni nani aliyemchinja jogoo, na kwamba mikono yako haikutikisa yai lolote. Haitarudisha kifaranga hata mmoja. Najua.

Pumzika. Ninapoandika haya, yule jogoo wangu halisi amepanda juu ya ua karibu na kaburi lako. Anawika vizuri sana.

Mwanao