Vibanio vya Mama Mutua na Paa la Kanisa

Tulia, Jumamosi, Septemba 1987

Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Nimekasirika, na kinachonikasirisha ni kitu kisichozidi urefu wa kidole.

Kibanio.

Kesho baada ya ibada tunaamua paa la kanisa jipya. Mzee Nzioki, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, anataka paa la pande nne kwa sababu aliliona mjini na likampendeza. Mimi nataka paa la pande mbili, mifereji chini ya kila upande, na maji yote yaishie kwenye tangi moja. Hapa akina mama huchimba mchanga wa mto kutafuta maji. Kumwaga mvua ya bure chini ni jambo nisiloweza kulinyamazia.

Mara mbili nimeonyesha mchoro. Mara mbili Mzee Nzioki ameugeuza juu chini na kusema, "Mwalimu, karatasi yako unaisoma wewe peke yako." Ndipo nikaamua kutengeneza mfano mdogo wa plaiwudi, kila futi ya kanisa iwe nusu inchi, nimwage maji juu yake mbele ya watu wote. Macho hayahitaji kufundishwa kusoma maji.

Lakini mbao nyembamba lazima zibanwe mpaka gundi ishike, na hapo ndipo nimehangaika wiki nzima.

Nilianza na klampu ya chuma ya Kyalo, fundi wa milango na vitanda. Nilikaza kidogo tu, ukuta wa madhabahuni ukapasuka. Nikakata mipira ya tyubu ya baiskeli, nikaifunga kiunoni mwa hilo kanisa dogo. Asubuhi nikakuta kanisa lenye kiuno kweli, limebonyea katikati kama ngoma.

Ngoja nieleze, hata kama anayenisikiliza ni daftari. Kifaa cha kubana hakisifiwi kwa nguvu. Kinatakiwa kiwe chepesi, kikandamize sawasawa, na kisishikwe na gundi. Klampu ya Kyalo ilikosa sifa ya kwanza, tyubu ikakosa ya pili.

Basi nikachukua vibanio vya nguo vya mke wangu. Vya mbao, maana vya plastiki huteleza. Tatizo ni kwamba midomo yake ni ya mviringo na inabana mahali padogo mno. Nikavifungua, nikavigeuza vipande ili migongo iliyonyooka itazamane, nikazirudisha springi. Nikasugua kwa msasa, nikapaka nta ya mshumaa ili gundi isivishike. Springi moja iliruka ikatua kwenye sufuria ya muthokoi.

"Baba Mutua," mke wangu akasema bila kugeuka, "hiyo ni chakula cha mchana. Na shuka zangu zimeshapeperuka mpaka uani kwa Mama Mwende."

Vinabana vizuri ajabu. Ila havitoshi! Paa na mifereji lazima vibanwe kwa wakati mmoja, kwa sababu katika joto hili gundi haisubiri mtu azunguke meza. Nimejaribu mara tatu. Nikishika huku, kule kunafunguka. Mara ya tatu nilitamani kuitupa kazi yote kwenye shimo la takataka.

Leo ilikuwa zamu ya shamba letu katika mwethya, kikundi cha kusaidiana kulima. Akina mama walikuwa wamechimba matuta tangu alfajiri, na sasa walikaa kivulini wakinywa uji. Nilisita. Mtu ametoka kushika jembe, unamwombaje ashike kijumba?

Niliwaomba.

Wakanawa mikono, wakazunguka meza. Nikapaka gundi, nikamwekea kila mmoja kidole mahali pake. Vidole havikuteleza, na vilijua kukandamiza bila kuvunja.

"Mwalimu," Mama Mwende akalalamika, "darasa gani hili, hata kujikuna haturuhusiwi!"

Wakacheka mpaka kanisa likatikisika. Nikawakemea kama darasa la tatu. Na kwa kuwa hawakuweza kuondoka, nikawaeleza: mteremko huu, mfereji huu, bomba, tangi.

Kalunde, mmoja wao ambaye huwa hasemi sana, akauliza, "Na paa la Mzee Nzioki, maji yake yanakwenda wapi?"

"Chini, pande zote nne."

"Asi! Yaani mvua inyeshe juu ya kanisa letu, na sisi bado tuteremke mtoni?"

Hakuna aliyecheka tena. Kwenye kamati hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo.

Gundi ilipokauka nikamwaga maji kwa birika. Yakateremka, yakafuata mfereji, yakaingia kwenye kopo nililoliita tangi. Tone moja tu likavuja kwenye kona. Ilikuwa kona ya Mama Mwende, iliyotikisika alipocheka. Akakasirika kuliko mimi. "Hapo ni pangu. Lete gundi." Akapashika tena, midomo ameifunga, wenzake wakimngoja na majembe begani. Nikamwaga tena. Pakavu.

Wameniambia kesho watalibeba wao kanisa mpaka mbele, na kila mmoja atasimama karibu na kona yake. Kwetu akina mama hawazungumzi kwenye mkutano wa ujenzi mpaka waulizwe. Sijui Mzee Nzioki atawauliza nini watakapokuwa wamesimama pale.

Wiki nzima nimelaani uchache wa vibanio. Je, vingetosha, ningewaita?

Mke wangu ameniuliza sasa hivi vibanio vyake viko wapi. Viko hapa, vimelainishwa, vimepakwa nta, havishiki nguo hata kidogo. Na shati langu la kesho bado limelowa ndani ya beseni.